Bwana Harusi Katoka

"Uko peke yako?" sauti ya mzee Gorm iliuliza kwenye simu.

Tilde alikuwa jikoni anamenya viazi. Asger, mume wake wa wiki tano, alikuwa bafuni anaoga huku anapiga mluzi.

"Niko peke yangu. Picha zangu za harusi tayari?"

"Zilikuwa tayari tangu Jumatatu."

"Mzee, leo Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani, binti."

Akanyamaza. Mtu wa Jutland, huku kwetu Denmark, akinyamaza kwenye simu unaweza kwenda kuanika nguo ukarudi ukamkuta bado yupo, kwa hiyo Tilde aliendelea na viazi vyake.

"Kuna picha moja," Gorm akasema mwishoni. "Namba mia nne kumi na mbili. Miaka thelathini na tatu napiga harusi, na sijawahi kumchagulia mtu. Natoa zote, mwenyewe atajua za kuweka na za kuchoma. Hii imenishinda. Ukiniambia niifute naifuta sasa hivi, na simu hii hatukupigiana."

"Ina nini? Nimefumba macho?"

"Wewe hupo kwenye hiyo picha."

Tilde akaweka kisu mezani.

"Nitumie zote."

"Una hakika?"

"Nimengoja wiki tano, mzee wangu. Tuma."

"Haya. Lakini usiiangalie umesimama."

Sasa, huyo Gorm alipatikana kwa ugomvi. Asger alikuwa na mpiga picha wake, kijana wa mjini Aarhus mwenye ndevu zilizochongwa na kamera inayoruka angani. Kijana yule anapiga kanisani, anapiga ufukweni, halafu kabla watu hawajaketi kula anafungasha anaondoka.

"Ndiyo uzuri wake," Asger alisema siku ile, miezi sita kabla ya harusi. Walikuwa watatu mezani: yeye, Tilde, na Sidsel, mdogo wake Tilde, muuguzi, aliyekuwa anashughulikia harusi ile kuliko hata mwenye harusi. "Nani anataka picha za watu wanatafuna?"

"Mimi nataka," Tilde alisema.

"Mpenzi, watu wakiona kamera wanakakamaa. Waache wale kwa amani. Au vipi, shemeji?"

"Asger anasema kweli, dada," Sidsel alisema, macho yake kwenye kikombe. "Mezani haina haja."

"Baba amekufa nina miaka minne," Tilde alisema. "Picha anayocheka ni moja tu duniani, na mzee Gorm aliipiga mezani, siku ya harusi ya baba na mama. Asingekuwepo saa ile, leo ningejua baba alikuwa anachekaje? Nataka Gorm, na nataka akae mpaka mwisho."

Basi Gorm akaitwa.

Gorm alipokuja kuzungumza nao hakuuliza rangi ya maua wala saa ya jua kuzama. Alikunywa kahawa yake, akatoa kijidaftari, akauliza swali lake moja.

"Nani hapa hataki kupigwa picha?"

"Mimi," Sidsel alisema haraka.

"Na mimi kule ukumbini nikiwa nakula," Asger alisema, akacheka kidogo.

Gorm akaandika majina yao. Wanaotaka kupigwa alikuwa hawaandiki, maana hao hujileta wenyewe; hawa wengine ndio wa kutafutwa.

Harusi ilikuwa Agosti, kwenye kanisa dogo jeupe juu ya bahari, karibu na mji wa Lemvig, upepo ukitaka kuondoka na shela. Tilde hajawahi kuwa na furaha kama ile, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Ukumbini watu walikula, wakahutubia, wakagonga glasi kwa uma ili maharusi wapande juu ya viti wabusiane. Halafu Tilde akatoka kwenda kushonwa upindo wa gauni uliokuwa umefumuka.

Kwetu bibi harusi hatoki ukumbini bure. Akitoa mguu tu, hata anakwenda msalani, wanawake wote wanapanga foleni kumbusu bwana harusi shavuni. Bwana harusi naye akitoka, wanaume wanamfanyia bibi harusi vivyo hivyo. Ni mzaha, na hakuna anayekataa, hata mabibi wanaotembelea magongo wanapanga foleni. Tilde aliporudi alimkuta Asger amejaa rangi za midomo mpaka masikioni na ukumbi mzima umevunjika mbavu. Akacheka pamoja nao, akachukua leso ya mezani akamfuta mumewe uso, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

Mia nne kumi na mbili ilikuwa ya dakika zile alizokuwa nje.

Ijumaa ile aliweka viazi motoni, akaifungua ameketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Foleni ya wanawake ilikuwa inapita mbele ya Asger, shangazi mmoja amemshika mashavu kwa mikono miwili, kila mtu mdomo wazi kwa kicheko. Nyuma yao, kwenye meza tupu, Sidsel alikuwa ameketi peke yake. Hakupanga foleni. Mikono ilikuwa mapajani, na alikuwa anamwangalia Asger. Asger alikuwa amebusiwa na nusu ya Jutland, lakini juu ya bega la shangazi alikuwa anamwangalia Sidsel.

Hakukuwa na kitu kingine. Lakini Tilde aliujua mtazamo ule. Miaka minne alikuwa anausubiri kwenye uso wa Asger, akajiambia labda yeye ni mwanaume asiyeonyesha, labda uso wake ndivyo ulivyo.

Akapitia picha zote mia saba. Kanisani, ufukweni, kwenye viti wakibusiana. Asger alikuwa anatabasamu vizuri katika kila moja. Mtazamo ule aliukuta tena kwenye picha moja tu, ya kanisani, na ulikuwa kwenye uso wake yeye Tilde.

"Unafanya nini huko nje, viazi vinaungua," Asger aliita.

Akaingia. Akazima jiko. Akajikuta anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi, ile foleni ya mabusu, Sidsel naye alikubusu?"

Asger alikuwa anatafuta sahani. "Nani akumbuke. Walikuwa wengi."

"Alikubusu au hakukubusu?"

"Alinibusu, nadhani. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Angemshika na nini? Mwanaume hashtakiwi kwa kuangalia. Angepiga kelele, angeambiwa amechoka, alale. Angenyamaza, angeendelea kumwona kila siku akimtabasamia vile vile kama kwenye zile picha nyingine zote. Tilde alikosa pa kushika. Alichotamani ni mtu mwingine aione picha ile amwambie, wewe Tilde, umeona vibaya, hapo hapana kitu. Angemshukuru mtu huyo maisha yake yote.

Jumamosi asubuhi ujumbe wa Sidsel ukaingia.

"Dada, nasikia picha zimefika. Nitumie basi nione."

"Utaziona kesho kwa mama. Tunaziangalia wote kwenye ukuta, na kahawa."

"Kesho niko zamu."

"Badilishana na mwenzako."

Ule mstari wa kuonyesha mtu anaandika ukaja, ukapotea, ukaja tena.

"Sawa, dada."

Jumapili mchana nyumba ya mama yao, Birthe, ilijaa ndugu. Keki ya matabaka ilikuwa mezani na vibendera vimechomekwa juu yake, kahawa ilikuwa kwenye chupa mbili kubwa, mapazia yamefungwa ili picha zionekane ukutani. Mjomba Vagn, ambaye masikio yake yalishastaafu, aliwekwa kwenye kiti cha mbele. Asger aliketi kwenye kochi. Sidsel aliketi karibu na mlango, koti bado liko mwilini.

"Vua koti, mwanangu," mama alisema.

"Nasikia baridi, mama."

Tilde ndiye aliyeshika rimoti. Picha zikaanza kupita. Watu walilia kidogo kwenye za kanisani, wakacheka upepo ulivyomfanya mchungaji. Mia tatu tisini. Mia nne. Angeweza kuruka. Kitufe cha kuruka kilikuwa pale pale, na alikiona. Mia nne kumi na moja ilikuwa mjomba Vagn na paja la bata mkononi.

Akabonyeza.

Kwanza walicheka. Walimcheka Asger na mashavu yake mekundu, walimcheka shangazi. Halafu kicheko kikapungua upande mmoja wa chumba, kikapungua upande wa pili, mpaka akabaki anacheka mjomba Vagn peke yake.

"Sidsel," mama akasema polepole, "mbona wewe hukwenda?"

"Nilikuwa nimechoka, mama."

"Bibi Ellen ana miaka tisini na mbili, na alikwenda."

Tilde alikuwa anasubiri. Alimwangalia mama yake, akawaangalia shangazi zake mmoja mmoja, akingoja hata mmoja aseme, kwani pana nini hapo. Wote walikuwa wanaangalia keki.

Basi akajua hakuona vibaya.

"Asger," alisema, "hapo ulikuwa unamwangalia nani?"

"Tilde, tafadhali. Si hapa."

"Uliniambia alikubusu."

"Nilisema nadhani."

"Ningekubusu kama ingekuwa mzaha," Sidsel akasema. Alikuwa amesimama. "Wote mliweza kwa sababu kwenu ulikuwa mzaha. Mimi nisingeweza. Dada, nisikilize. Hatujafanya kitu. Naapa kwa kaburi la baba, hata mkono hajawahi kunishika. Nimeomba kazi Norwe, naondoka mwezi ujao, nilitaka niondoke bila wewe kujua."

"Najua hamjafanya kitu."

"Basi nisamehe."

"Nikusamehe nini, mdogo wangu? Mngekuwa mmefanya kitu ningejua la kufanya. Ningekutukana. Yeye ningemtupia nguo zake nje. Sasa nifanye nini? Niambie, mimi nifanye nini?"

Sidsel akafungua mlango, akatoka.

Asger alikuwa bado ameketi. Tilde alimwona akishika mkono wa kochi, akiuachia, akiushika tena. Akamwombea kimoyomoyo abaki. Hakuwa na aibu kumwombea. Kaa hapo, alimwambia bila sauti, kaa hapo hata kama ni kwa uongo, nitajifunza kuishi nao.

"Amekuja na baiskeli," Asger alisema, akiongea na zulia. "Na hali ile ataingia barabarani vibaya. Nakwenda kumwambia arudi tu. Dakika moja."

"Asger."

"Dakika moja, Tilde."

"Ukitoka—"

Mlango ukafungwa nyuma yake, taratibu. Hata katika hilo alikuwa mwanaume mstaarabu.

Na hapo ndipo mjomba Vagn, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja tangu keki ilipokatwa, aliyekuwa ameona picha ya foleni ukutani na baada ya hapo akaona Asger anatoka nje, alipopiga kiganja kwenye meza na kusema kwa furaha:

"Bwana harusi katoka."

"Vagn, kaa chini," mama alisema.

"Bwana harusi katoka, jamani, mmelala? Pangeni foleni." Akajiinua kwenye kiti, akachukua gongo lake, akaenda kwa Tilde, akambusu shavuni. Alinuka kahawa na tumbaku ya kiko. "Hongera, binti yangu. Umepata mwanaume mwema."

Wanaume wengine wakaangaliana. Unajua watu wetu walivyo. Msiba wa aina hii ukiwaangukia sebuleni hawajui waweke wapi mikono, na mtu akiwapa kitu cha kufanya, hata kiwe cha kipuuzi namna gani, wanakishukuru. Binamu mmoja akasimama. Mume wa shangazi akasimama nyuma yake. Wakapanga foleni kutoka kochini mpaka dirishani, wanaume wazima na masweta yao ya Jumapili, macho chini. Mmoja mmoja wakainama, wakambusu bibi harusi.

Hakuna aliyecheka. Tilde aliketi na rimoti mapajani, akawapokea.

Kati ya bega la mmoja na bega la mwingine, pale pazia lilipokuwa limeacha nafasi, aliona ua wa nyumba ya mama yake. Baiskeli ilikuwa imelala kwenye nyasi. Asger na Sidsel walikuwa wamesimama mbali mbali, hatua tatu hivi, hawashikani, hawasemi kitu. Walikuwa wanaangaliana tu.

"Na shavu hili," mjomba Vagn alisema, aliyekuwa amerudi tena mwisho wa foleni, mzee mwizi. "Dakika zake bado hazijaisha. Hajarudi."

"Hajarudi, mjomba," Tilde alisema, akamgeuzia shavu la pili.