Nani Alimfuta Priscila?

Ngara nzima hapakuwa na mwanamke mwenye kumbukumbu kama Generoza, mpishi wa uji katika kituo cha wakimbizi njia ya Lukole. Mwenyewe ndivyo alivyojisifu. Ila Jumapili moja alitia chumvi badala ya sukari kwenye chupa ya uji ya ofisini, akakumbuka misa ikiwa inakwisha, akakimbia kuumwaga wote kabla wafanyakazi hawajarudi kutoka kanisani. Hakumwambia mtu, hata padri. Kilichomshangaza ni kikombe kimoja mezani, kimenywewa nusu, na ofisini hapakuwa na mtu.

Kesho yake, Jumatatu, mwaka 2015, saa saba mchana, karani Theonest alisoma orodha ya basi la saa kumi la kwenda kambini.

"Nyandwi. Mtu mmoja."

Bibi Nyandwi, aliyevuka kutoka Burundi na mjukuu wa miaka sita, alimvuta mtoto kifuani. "Na Priscila wangu?"

Theonest alipitisha kidole kwenye tableti, akarudia. "Nilimwandika. Naapa nilimwandika!"

Mkuu wa kituo, Sostenes, alitoka nje. "Mtoto asiye kwenye orodha hapandi. Nitajuaje ni wake? Na wewe Theonest, kama umeuza nafasi yake, kila jina uliloandika leo lina mashaka. Mtoto atabaki hapa mpaka polisi wamalize."

Bibi Nyandwi hakulia. Alifunga kitenge upya, mara tatu, mtoto akiwa ndani.

Generoza aliacha mwiko sufuriani. "Mwanangu Theonest, ulimwandika saa ngapi?"

"Mama, saa tatu na dakika arobaini. Mtoto alikuwa chooni. Aliporudi, dakika moja baadaye, nikafungua familia ileile nikamwongeza."

"Nilikuwa nawapa uji. Tableti ililia ti-ti."

"Hulia ikimaliza kutuma majina, mtandao ukishika."

"Kabla hujamwongeza au baada?"

"Baada. Mara tu baada."

"Wiki zilizopita alishapotea mtu?"

"Hata mmoja. Ilikuwa nzito tu, inagandaganda. Leo ndiyo inateleza."

Generoza aligeukia ukuta wa jiko, wenye mistari ya mkaa, mmoja kwa kila kikombe cha uji. Mwezi uliopita mpishi mwenzake, Secilia, aliinakili mistari ile kwenye karatasi asubuhi, akaenda nayo stoo, akarudi mchana, akapangusa ukuta na kuuandika upya kutoka karatasini. Watu tisa waliofika katikati walifutika wakiwa na vikombe mkononi.

"Mle ndani mna Secilia," alisema.

Saa tisa kasorobo gari lilimshusha Ansbert, fundi aliyeunda programu ya tableti, aliyeitwa kwa simu, mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, mle ndani wanafanya kazi wangapi?"

Ansbert alicheka. "Nyuzi mbili, mama, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja unasikiliza kidole. Mwingine uko nyuma, unatuma majina. Zote zinaandika kwenye kanzidata moja, ndiyo daftari la majina."

"Huyo wa nyuma, akimaliza kutuma?"

"Unaandika kwamba familia imetumwa."

"Anafungua daftari upya, au anarudisha karatasi aliyoondoka nayo?"

Kicheko kikakoma. "Uzi huo unapewa namba ya familia tu. Unafungua kanzidata wenyewe, unasoma upya, unaandika kwa zamu. Ndivyo nilivyoiunda."

"Tujaribu," Sostenes alisema.

Theonest aliandika familia ya uongo, mtu mmoja. Kutuma kukaanza. Akaongeza mtoto haraka. Ti-ti.

Mtoto hakuwapo kwenye orodha.

Nje, dereva wa basi aliwasha injini. Bibi Nyandwi alishika fremu ya mlango.

"Anarudisha karatasi ya zamani," Generoza alisema.

"Basi kuna aliyeichezea!" Ansbert alimtazama Theonest. "Mimi sijaigusa mwezi mzima."

"Ijumaa mabosi wako waliniandikia," Sostenes alisema. "Uiharakishe kabla ya leo, la sivyo mkataba basi."

"Sikupata nafasi, mkuu. Jana kutwa nilikuwa Biharamulo kwa dada. Tableti hukaa na nani? Muulizeni huyu."

"Jana niliiacha ofisini, nikaenda misa," Theonest alinong'ona.

"Una shahidi?" Sostenes alifunga jalada la orodha ya basi. "Kama hana, mtoto anabaki."

"Ngojeni kidogo," Generoza alisema. "Mgeni ametoka safari, hajatia kitu mdomoni." Akamimina kikombe kutoka chupa ya ofisini. "Kunywa, mwanangu."

Ansbert alikisukuma. "Asante, mama. Chumvi yako ile siiwezi tena."

Generoza alikichukua kikombe, akaonja, akalamba midomo taratibu.

"Huu una sukari. Wenye chumvi ulikaa humu siku moja tu, jana, saa za misa, nikaumwaga mwenyewe. Anayeujua ni mimi, Mungu, na aliyebakiza nusu kikombe pale mezani."

Sostenes alifungua jalada tena, akachomoa kalamu, akaandika kwa mkono chini ya jina la Nyandwi: Priscila, miaka sita. Kisha akainua macho.

"Haya. Biharamulo kutwa, na tableti leo inateleza?"

Ansbert alitazama kikombe.

"Hapa nilipita tu," alisema.