Koki ya Ghorofa ya Sita

Haya yalimpata rafiki yangu Eliudi, anayesoma shahada ya uzamili Guangzhou. Ilikuwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina, na mafundi cherehani wote waliopanga naye jengo moja katika mtaa wa Kangle walikuwa wamerudi makwao. Alibaki peke yake, siku ya nne bila kuongea na mtu.

Alasiri mama mwenye nyumba akampigia simu. "Baridi ya leo si ya kawaida hapa, itagandisha maji. Nenda ghorofa ya sita, fungua koki ya koridoni idondoshe maji kidogo, mabomba yasipasuke."

Eliudi akapanda ngazi zenye giza, akalizungushia bomba mabaki ya vitambaa, akaiacha koki ikidondosha maji. Matone aliyasikia hadi chumbani kwake, ghorofa ya tano, yakamliwaza.

Kisha yakakoma.

Akadhani maji yameganda, akapanda tena. Huko juu milango yote ilikuwa na kufuli kwa nje.

"Kuna mtu?" akauliza kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, na moyoni alitamani ajibiwe.

Akaishika koki. Ilikuwa imefungwa na kukazwa kwa nguvu, na katika baridi ile, chuma chake kilikuwa tayari na joto la kiganja.