Nyigu Kwenye Bawa la Kushoto

Nilichokiona kwanza kilikuwa nyigu aliyebeba tope. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa natoka kukata majani ya mbuzi, kazi yangu ya kila siku. Njia yetu inapita kando ya uwanja wa nyasi ulio juu ya kilima, ambako ndege ndogo ya waganga wa macho hutua mara mbili kwa mwaka. Nyigu yule alipita mbele ya uso wangu na donge la udongo mdomoni, akaenda chini ya bawa la kushoto la ndege hiyo, iliyokuwa imeegeshwa pale, akapotea. Punde akatoka mtupu, akashuka kijitoni. Halafu akaja tena na donge jingine.

Ninawajua nyigu hao. Mwaka ule waliziba tundu la kufuli letu kwa udongo mpaka baba akalivunja kwa nyundo. Wakikuta kitundu kimetulia, hujenga nyumba humo. Niliinama nikaona anakoingia. Ni kibomba chembamba kama kidole, kilichotokeza chini ya bawa.

Kibomba hicho kwa kawaida huvikwa kifuniko cha kitambaa chenye utepe mwekundu. Siku ile kifuniko kilikuwa kimeanikwa kwenye uzio. Jana yake kina mama walikuwa wameiosha ndege yote. Kwetu mgeni haondoki na tope la njia zetu. Viatu vyake huoshwa, pikipiki yake huoshwa, basi wakaona na ndege ioshwe. Walitaka iwe siri mpaka rubani aikute inang'aa. Mama yake Dotto, mwenzangu wa darasani, ndiye aliyekivua kifuniko, akakifua kwa sabuni na kukianika. Kilipokauka asubuhi ile alikirudisha vizuri mahali pake, bila kujua kuwa nyigu alikuwa ameshamaliza kazi.

Rubani aliitwa Abrahamu. Alikuwa na kazi yake Moshi, lakini siku zake za mapumziko alizitumia kuwarusha waganga bila malipo. Nilikuwa nimemtazama kila alipokuja. Kabla ya kuondoka huizunguka ndege yake polepole, akigusa hapa, akitikisa pale. Kwenye bawa la kushoto huvua kifuniko, huinama na kukichungulia kile kibomba. Hajawahi kupaacha.

Saa nne watu walikuwa wamejaa. Bibi yangu alikuwepo, jicho lake limefungwa bandeji, akiwaambia wote kwamba kesho ataona mpaka miamba ya Irente. Rubani alipoiona ndege inavyong'aa alicheka, akawashukuru kina mama, kisha akaanza kuizunguka. Alikuwa na haraka kidogo, kwa sababu mchana mawingu hushuka yakaziba milima. Alifika bawa la kushoto, akavua kifuniko. Hapo hapo mwenyekiti wetu, mzee Omari, akamfikia na kapu la karoti na kabichi, akamkabidhi kwa mikono miwili pamoja na maneno mengi ya heshima. Rubani alipokea, akashukuru, akalipeleka kapu ndani. Aliporudi nje aliendelea na magurudumu. Hakuinama.

Kilima chetu kinaishia kwenye bonde refu, na ndege ikifika ukingoni lazima iwe imeshaondoka ardhini. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na darasani waliniita Bubu kwa sababu hata kujibu mahudhurio nilijibu kwa sauti ya chini. Na wazee walikuwa wanazungumza. Nilimwambia Dotto.

"Ndege ya chuma iogope nyigu?" alisema. "Bubu, leo ndiyo umepata la kusema?"

Wenzake wakacheka.

Muda mfupi baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya rubani, mguu wake mmoja ukiwa tayari ndani ya ndege. Mzee Omari aliniambia nisogee, wageni wanasafiri. Nikamwamkia kwanza, maana sikujua njia nyingine ya kuanza.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Kuna nyigu ameweka udongo kwenye kile kibomba. Na leo hukuinama kukichungulia."

Rubani alinitazama. Alishusha mguu, akaenda mpaka chini ya bawa, akawasha tochi ya simu na kuchungulia. Aliposimama, uso wake ulikuwa umebadilika.

Alituambia taratibu kwamba kibomba hicho hupokea upepo ili kipimo cha mwendo kisome. Kikiziba, rubani hudanganywa. Anaweza kudhani ana mwendo wa kutosha kumbe hana, na ndege ikapoteza nguvu ikiwa juu ya bonde. Dada Yunis, muuguzi, alifungua mlango na kuteremka.

Mzee Omari alishauri waingize kijiti wautoe huo udongo, wawahi mawingu. Rubani alikataa. Alisema udongo ungeweza kusukumwa ndani zaidi, na kazi hiyo ni ya fundi wa ndege. Akapiga simu, fundi akaahidi kufika kesho kwa gari. Wageni wakalala kwetu siku mbili zaidi.

Mama yake Dotto alikuwa analia kwa aibu. Rubani alimwendea na kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekatizwa kazi akaendelea kana kwamba ameimaliza.

Jumapili jioni fundi alisema kibomba kiko safi na kipimo kinasoma sawasawa. Jumatatu asubuhi kijiji kizima kilikuja tena. Safari hii mzee Omari alifunga kamba kuizunguka ndege, akatangaza kwamba hakuna mtu kuigusa wala kuongea na rubani mpaka amalize kukagua, na kabichi zitasubiri. Alipotangaza hivyo hakumwangalia mtu. Rubani alinyanyua kamba, akaniita niingie. Nilitembea naye ndege nzima, watu wakitazama, mama yangu akiwa mbele kabisa na khanga yake mpya. Kwenye bawa la kushoto tuliinama wote wawili.

Kisha akawageukia watu.

"Ajali ya ndege mara nyingi huanza hapa chini," alisema. "Huanza mtu akiacha kazi katikati, au akiona kitu na kunyamaza. Mimi niliacha katikati. Huyu hakunyamaza, ndiyo maana tupo. Watoto, mkiona jambo la hatari semeni, hata kama ni mbele ya wakubwa. Na sisi wakubwa tusikilize."

Mzee Omari alinipa mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima. Dotto hakuniita Bubu tena. Ndege ilipoondoka, iliuacha ukingo wa kilima ikiwa juu sana, na bibi, bandeji ikiwa imetolewa, alisema anaona hata magurudumu yake.

Tangu hapo watu husimulia kwamba nilipoona rubani hakuinama nilimkimbilia moja kwa moja. Mama husimulia hivyo pia, na sijawahi kumkatiza. Sikukimbia. Dotto aliponicheka niligeuka nikaanza kurudi nyumbani, nikijiambia kuwa wakubwa wanajua. Nilifika mpaka kwenye uzio. Kisha nikamsikia dada Yunis akifunga mlango wa ndege, na miguu ikakataa kwenda mbele. Nikarudi. Hakuna aliyeziona hatua zile, nami ninajivunia hizo kuliko ule mkono wa mwenyekiti.