Mawese ya Kurwa

Bandari ya Kibirizi, Kigoma, ilikuwa imefurika watu asubuhi ile ya mwaka 2015. Boti zilikuwa zikishusha wakimbizi kutoka Burundi, wachuuzi wakigombea dagaa, na Merina, aliyejitolea kuwagawia watoto uji, alikuwa amekanyagwa hata asijue mara ngapi. Ndipo dumu la mtu likamwagia mawese gauni lake la manjano.

"Dada, samahani sana!"

"Wewe kaka, una macho kweli?"

"Ninayo. Ndiyo yaliyoniponza, yamekuona wewe tu."

Mzembe huyo alikuwa Kurwa, muuza mawese wa Ujiji, na fulana ilikuwa imemkaa vizuri mabegani. Merina akacheka, basi, kwisha habari! Simu zikawa haziishi. Walipoamua kulala pamoja, Merina alisema wazi: kondomu kila mara, maana Septemba anaanza uuguzi Tabora na mimba ingemharibia chuo. Kurwa alikubali bila kinyongo.

Miezi ikapita kwa raha. Kisha kondomu ikapasuka.

"Umeitoboa makusudi!" Merina alilia. "Hutaki niende chuo!"

"Mpenzi, naapa..."

"Usiniite mpenzi!"

Wiki tatu simu haikupokelewa. Kurwa, moyo ukimuuma, alikwenda zahanati kwa nesi Veneranda.

"Shikamoo mama. Hivi kondomu zinazuia mimba kweli? Yetu ilipasuka."

"Marahaba. Zikitumiwa sawasawa kila mara, kati ya wanawake mia, kwa mwaka hupata mimba kama wawili tu. Wanaokosea ndio huongeza idadi. Siku hiyo mlipaka kitu?"

"Mawese, mama. Kidogo tu, iteleze."

Veneranda alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu! Mafuta yanaharibu mpira. Mawese tia kwenye maharage! Nunueni kilainishi cha maji. Na ikipasuka tena, njooni haraka, kuna vidonge vya dharura."

Kurwa alikwenda mbio hadi kwa Merina, mtaani Katubuka, akaeleza yote mlangoni, jasho likimtiririka. Merina alimsikiliza amekunja mikono. Taratibu mikono ikalegea.

"Nimepima jana. Sina mimba," alisema. "Nisamehe, Kurwa wangu. Nilikuhukumu bure."

"Nisamehe mimi. Ujinga wangu nusura ukukoseshe chuo. Nenda Tabora, nitakungoja."

"Uningoje kama nani?"

"Kama mchumba wako. Nimtume mjomba kwa baba yako Jumamosi?"

"Mtume kesho."

Kurwa akapanua mikono amkumbatie, furaha imemjaa. Merina akamsukuma kifuani, akicheka.

"Kwanza kilainishi! Duka la dawa bado halijafungwa. Kimbia!"