Kibanda Nyuma ya Jiko

Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi ni jirani tu, na Mideva mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alifika Malinya Jumamosi asubuhi na mkoba uliojaa karatasi zake. Kazi yake ni historia: kodi ya nyumba enzi za mkoloni, na jinsi wakulima walivyouza wimbi na ng'ombe ili walipe. Alitaka kumhoji nyanya yake, Kukhu Rosebella. Mkobani alikuwa pia na sweta jekundu la bintiye Michelle, aliyefariki mwezi wa tatu kwa nimonia.

"Kodi ilikuwa ya kila nyumba," Kukhu alisema, akipepeta maharagwe. "Baba ya mume wangu alikuwa na wake wawili. Ng'ombe akauza, haikutosha. Akabomoa nyumba ya mke mdogo, ibaki moja. Mke mkubwa akamfungia mlango. Mvua ikamnyeshea na mtoto mgongoni. Wote wawili wakafa."

Tangu hapo, kila mavuno, ukoo humjengea mke mdogo huyo kibanda cha nyasi nyuma ya jiko, kimo cha goti. Cha zamani kilikuwa kimeoza, na mgongo wa Kukhu hauinami tena.

"Nijengee leo, mjukuu wangu. Huyo anakujanga na mvua."

"Kesho, Kukhu. Wacha nimalize kuandika."

Ole wake! Hata kile kilichooza alikibomoa, apime fito zake na kupiga picha. Msomi huyo!

Saa kumi jioni mvua ikashuka. Mlango ukagongwa.

"Hodi. Mtoto analowa."

"Usijibu," Kukhu akanong'ona.

Lakini tangu mazishi, kila mvua ikinyesha, Mideva hulifikiria kaburi lile, na anachojiambia ni hicho hicho: mtoto analowa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akafungua.

Hakuna mtu.

Kisha kikohozi. Kidogo. Kikavu. Nyuma yake, ndani ya nyumba.

Alikijua. Alikuwa amekesha nacho hospitalini.

"Michelle?"

Mkoba ulikuwa wazi, sweta halimo. Mideva akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kulipokucha alikata nyasi, akajenga kibanda. Akaingia jikoni kunawa. Aliporudi, sweta lilikuwa kibandani, limefungwa vifungo, cha kwanza kimerukwa, vile Michelle alivyolifunga siku zote.

Akaligusa. Lilikuwa limelowa chepechepe, na lilikuwa na joto la mwili.