Moyo wa Mkindu

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Njiti alijitwika beseni na kumfuata bibi yake kwenda zahanati. Si kwamba walikuwa wagonjwa. Bibi alikuwa mzima kuliko mlango wa chuma, na Njiti hakuwahi kuugua ila mafua. Walikwenda kusuka.

Jina la Njiti alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa ajili ya wembamba wake. Walisema mvua ikinyesha anapita katikati ya matone na kufika nyumbani mkavu. Bibi alisema huo ni uongo mtupu, kwani nguo zilizolowa ni yeye anayezikamua.

Jumamosi mchana zahanati ilikuwa imefungwa, na lile baraza ambalo siku nyingine hujaa watu wanaokohoa likawa la wasusi. Nesi ndiye mwenye ufunguo, na ndiye mkuu wa kikundi. Alikuwepo fundi baiskeli, aliyesugua grisi vidoleni kwa sabuni na mchanga kabla hajathubutu kugusa jani. Alikuwepo kinyozi, mtu ambaye ukimfunga mdomo kwa kamba, kamba yenyewe itaanza kusimulia. Na alikuwepo Bibi, aliyesuka upesi mno, hata nzi akitua kwenye kazi yake bila kuangalia, anasukwa humo humo.

Hakuna aliyeuza kikapu. Walisuka kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Walichana majani ya mkindu kwa ncha ya sindano hadi yakawa chane nyembamba, wakaziloweka zilainike, wakazisuka ukili mrefu kama mshipi, kisha wakauzungusha ule ukili na kuushona, kuanzia kitako cha kikapu hadi mdomoni.

Kikapu kikimalizika kilipitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu ilimpasa ataje kasoro moja. Hiyo ndiyo desturi waliyojiwekea. Wengine walibonyeza kitako, wengine walivuta vishikio. Fundi baiskeli alikiweka kikapu sakafuni, akakizungusha kama gurudumu na kukitazama kwa jicho moja.

"Mh," alisema siku moja alipozungusha kikapu cha Njiti, "gurudumu hili limegonga jiwe."

"Jiwe gani?" kinyozi alidakia. "Limegonga ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyeshinda."

Baraza zima likacheka. Njiti naye alicheka, maana asingecheka angelia. Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu: kikapu chake kizunguke mikono yote na watu wakose la kusema.

Nyuma ya zahanati, pale yanapomwagwa maji ya kufulia, kulikuwa na kichaka cha mikindu. Wanakikundi walikipanda wenyewe, Njiti hajazaliwa, na sasa kilikuwa na mashina kadhaa yaliyoota kutoka mzizi mmoja. Mikindu mingine ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Kila alipotoa kisu, Nesi alisema, "Kateni ya pembeni, moyo msiuguse." Alilisema mara nyingi hata Njiti akaacha kulisikia, kama mtu anavyoacha kuisikia saa ya ukutani.

Moyo ni yale majani machanga yaliyojifunga katikati ya shina, hayajafunguka bado. Ni meupe kama maziwa na laini kama utepe.

Jioni moja Bibi alimtuma Njiti akachukue beseni alilolisahau barazani. Ndani ya beseni mlikuwa na kisu. Njiti alitazama kulia, akatazama kushoto, akaburuta benchi hadi kwenye kichaka na kupanda juu yake. Alikusudia jani moja tu. Lakini jani lile, lilipotoka, lilikuwa jeupe zaidi kwa chini kuliko kwa juu. Akaona aingize kisu ndani kidogo. Kisha kidogo tena. Alipokuja kushtuka, alikuwa amekumbatia moyo mzima, na shina zuri kuliko yote lilikuwa na tundu juu kama jino lililong'olewa.

Alisuka kwa siri, Bibi akiwa sokoni. Kikapu kilitoka kidogo, cheupe, kimenyooka. Alikizungusha sakafuni, nacho kikazunguka bila kuyumba hata chembe. Njiti akaruka kwa furaha. Kabla miguu haijarudi chini, furaha ilikuwa imeshaondoka. Nani asingeuliza weupe ule umetoka wapi? Alikuwa amesuka kikapu asichoweza kumwonyesha mtu yeyote duniani. Akakifungia ndani ya sanduku la nguo.

Wiki chache baadaye majani ya lile shina yakaanza kuwa ya manjano.

Njiti alifanya kila alichoweza kubuni. Alilimwagia maji asubuhi kabla ya shule. Alilinyunyizia majivu. Alipanda tena kwenye benchi na kulifunga kitambaa kidondani, kama Nesi anavyowafunga watu. Mwisho aliliomba radhi kwa sauti. Majani yakazidi kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha yakainama. Kila Jumamosi alikaa barazani amelipa mgongo shina lile, na kila Jumamosi alihisi linamtazama kisogoni.

Siku ikafika kinyozi akaona. Alipanda kwenye benchi, akalitupa lile tambara akidhani limeletwa na upepo, akatumbukiza mkono katikati ya shina. Ulitoka na uozo mweusi wenye mabuu manene.

"Wadudu!" alipiga kelele. "Hawa nawajua! Walimlia shemeji yangu shamba zima, usiku mmoja! Walibakiza uzio tu, na huo uzio nao waliutafuna kidogo kuonja."

"Wadudu gani wanakula uzio?" fundi baiskeli aliuliza.

"Wenye njaa, ndugu yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nesi aliyapindua mabuu kwa kijiti, uso umekunjamana. "Ugonjwa wa kuambukiza hauna mchezo," alisema. "Leo ni shina hili, kesho ni yote, na keshokutwa ni minazi ya majirani. Jumamosi ijayo tunang'oa kichaka. Tunachimba hadi mizizi na kuchoma."

"Chote?" aliuliza Bibi kwa sauti ndogo.

"Chote, mama. Hata mimi kinaniuma."

Njiti alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Nesi, mimi..."

"Ngoja mwanangu, wakubwa wanaongea."

"Mafuta ya taa nitaleta mimi," alisema kinyozi.

"Na mimi mnyororo wa kuyavuta," alisema fundi.

"Lakini mimi ndiye nili..."

"Wewe utashika ndoo ya maji," fundi alimwambia, "moto usije ukaruka kwenye paa la zahanati." Na maneno yakaendelea kupita juu ya kichwa chake.

Nyumbani usiku ule Bibi aliketi na ukili mapajani, mikono imetulia. Njiti hakuwahi kuiona mikono ile imetulia. Alimsogelea. "Bibi, ule mkindu..."

"Usinitajie, mjukuu wangu," Bibi alimkatiza. "Nikitajiwa nitalia, na nikianza kulia leo sijui nani ataninyamazisha. Nitasuka nini mimi sasa? Nywele zako?"

Neno likarudi tumboni. Njiti aliondoka kwenda kulala, akakesha nalo.

Wiki ile ilikimbia kama imekalia kaa la moto. Mwalimu alimwuliza saba mara nane ni ngapi, naye akajibu, "Mizizi." Darasa likaangua kicheko. Yeye hata hakujua amesema nini. Alijua tu kwamba Jumamosi inakuja, na kwamba watu wazima wameshaamua, na kwamba kati yao wote hakuna mwenye kosa ila yeye.

Jumamosi ikaja. Majembe yalikuja, panga likaja, mafuta ya taa yakaja na mnyororo wa fundi ukaja, mzito, unalia njiani. Njiti alisimama na ndoo yake mahali alipoambiwa asimame. Fundi alivisha mnyororo shina la kwanza, zima, la kijani, lenye majani yanayong'aa.

"Hakuna wadudu!" Njiti alipaza sauti.

"Wapo!" alijibu kinyozi, akainua kiganja. "Niliwashika kwa mkono huu huu. Mpaka leo unaniwasha."

"Hawakuanza wao! Kulikuwa na... mimi nili..." Maneno yalimgongana mdomoni, na majembe yalikuwa yameshaanza. Alimtazama Nesi, Nesi alikuwa ameinama anakata mizizi. Alimtazama Bibi, Bibi alikuwa amejifunika uso. Njiti akaiacha ndoo, akatimua mbio kwenda nyumbani.

"Mwacheni akalie kwa nafasi," alisikia fundi akisema.

Alirudi anahema, jasho linamtoka, kikapu cheupe kifuani. Lakini hata miguu myepesi ina mwisho wa wepesi wake. Shina moja zima lilikuwa limeshalala chini, majani yake yametandazika kwenye tope, na fundi alikuwa anahamishia mnyororo kwenye shina la pili.

Pumzi ya kusema hakuwa nayo. Alimpa Nesi kikapu.

Nesi alikipokea, akakipindua, akakitazama kitako. Akampa Bibi. Bibi alipitisha kidole kwenye ukili, polepole, akampa fundi. Mikono ya fundi ilikuwa imezoea. Ikakiweka kikapu chini na kukizungusha, nacho kikazunguka wima hadi kikasimama chenyewe. Kinyozi alikiokota, akafungua mdomo, akaufunga. Jambo hilo halikuwahi kuonekana tangu azaliwe.

Ukimya alioutamani Njiti ulikuwa umefika. Kikapu kimezunguka mikono yote, na watu wamekosa la kusema. Naye alikuwa radhi kutoa chochote mtu aseme hata neno moja baya.

"Huu ni moyo," Bibi alisema mwisho.

"Ni mimi, Bibi. Niliukata kwa kisu chako." Sasa machozi yalikuwa yanamwagika. "Niliukata mpaka ndani. Wadudu wamekuja baadaye, ulipooza. Hayo mashina mengine hayaumwi. Nilitaka kusema, nikashindwa."

Nesi alipanda kwenye benchi, akaufuta uozo kwa jani, akainamia tundu. Alikaa juu pale kitambo. "Ukingo umenyooka," alisema, kama anazungumza peke yake. "Mdudu hakati hivi." Akakagua mioyo ya mashina mengine, moja baada ya jingine, akakuta yote myeupe na mizima. Ndipo akashuka. "Fundi, toa mnyororo wako. Kinyozi, kayaweke mbali hayo mafuta."

"Lile shina litaota tena?" Njiti aliuliza.

"Hapana. Mkindu ukikatwa moyo, shina hilo ndio basi."

"Na hili la leo?"

"Hili nalo limekwisha. Mzizi unaweza kutoa chipukizi pembeni, lakini utakuwa mtu mzima kabla hujakata majani yake. Sitakudanganya ili ujisikie vizuri."

Njiti alililia shina lile lililolala kwenye tope. La kwanza alilikata mwenyewe, lakini hili lilikuwa halina hata doa asubuhi ile. Hakukuwa na maji, wala majivu, wala kitambaa cha kulirudisha.

Majani yake, hata hivyo, yalikuwa mabichi, na jua lilikuwa kali. Wasusi wakaanza kuyakata na kuyapeleka barazani kabla hayajanyauka. Njiti alibaki amesimama, hajui kama baraza bado ni lake.

"Unasimama kama nguzo ya nini?" Bibi alimwita, macho bado mekundu. "Njoo uchane. Hasira nitakuwa nazo hata ukikaa karibu."

Akaketi ukingoni mwa benchi. Kinyozi, aliyekuwa kimya muda mrefu kwa mtu kama yeye, alikohoa. "Yale mambo ya uzio," alisema, "nilitia chumvi kidogo."

"Kidogo?" alisema fundi. "Hiyo chumvi ingetosha bahari nzima."

Nesi alimsogezea Njiti fungu la majani, akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Sikiliza, mwanangu. Kwenye kazi yangu mtu huja anaumwa tumbo. Namwuliza amekula nini, ananificha, anaona aibu. Nami namtibu ugonjwa asio nao. Dawa inamdhuru, na tumbo linabaki pale pale. Ulipoukata moyo, tulipoteza shina moja. Ungesema siku ile ningekugombeza sana, ungelia, na yangekwisha. Uliponyamaza ndipo tukaanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Shina hili hukuliua wewe kwa kisu. Limekufa kwa sababu ulijua, na sisi hatukujua."

"Nilijaribu kusema, Nesi."

Nesi aliacha kuchana. Alitazama sakafu ya baraza, kisha akamtazama Njiti usoni.

"Kweli, ulijaribu. Nami nikaamua dawa kabla sijamwuliza mtu. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe." Alimwekea sindano mkononi. "Basi siku nyingine ukikosea, uje uniambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Na nikikwambia ngoja, wakubwa wanaongea, usingoje."