Tundu Lililoshonwa kwa Uzi wa Kijani

Jumatano, saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya michezo ya kuigiza ya sikukuu, sanduku la chama cha waokaji mikate wa Aldersby lilifunguliwa likakutwa tupu. Kitabu cha mchezo hakikuwamo. Kufuli lilikuwa zima, na funguo ni mbili tu: mmoja wa Wymond, mwokaji aliyeutunga mchezo ule kwa Kiingereza, wa pili wa Adlard, karani wa chama.

"Wymond kakiuza mji jirani," akasema Adlard.

Mzee Thurstan, mkuu wa chama, akaapa: kisipopatikana adhuhuri, Wymond anafukuzwa chamani, na tanuri lake halitawashwa tena.

Hawise, mjane mtengenezaji wa ngozi za kuandikia, alipopata habari alifunga karakana papo hapo. Ngozi zote za kitabu kile zilitoka mikononi mwake. Hata ile yenye tundu aliishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, na hakuona haya kujisifia.

Saa tatu alimkuta Wymond kajiinamia.

"Umekiuza?"

"Dada Hawise, mtu huuza mwanawe? Mama yangu hajui neno la Kilatini. Siku aliyosikia maneno yangu, alilia. Nikiuze kitu kama hicho?"

Saa nne akambana Piers, aliyepokonywa nafasi ya kumwigiza Herode.

"Ulisema utakichoma."

"Nilisema, ndiyo! Lakini ufunguo ningeutoa wapi, mama? Mimi mpayukaji tu, si mwizi."

Hawise akacheka. Huyo alisema kweli.

Saa tano akaingia kwa Adlard. Karani alikuwa akiandika sala ya Kilatini, kisu kando, mikono myeupe kwa chokaa.

"Ngozi hiyo mpya?"

"Mpya kabisa."

"Ya nani? Mjini hapa ngozi natengeneza mimi peke yangu, na wewe hujanunua kwangu tangu Pasaka. Tena ngozi yangu mpya haihitaji kisu chako wala chokaa. Anayevihitaji ni mtu aliyekwangua maandishi ya zamani."

Kabla hajajibu, Hawise alishaichukua ile ngozi.

Adhuhuri, mbele ya chama kizima, akaiinua dirishani. Jua likapenya. Pembeni palikuwa na tundu lenye uzi wa kijani, na chini ya Kilatini mistari ya Kiingereza ikaonekana, hafifu lakini mizima.

"Loo! Kikulacho ki nguoni mwako," akanong'ona Thurstan.

Adlard akapasuka. "Miaka ishirini nimesomea Kilatini, nani ananisikiliza? Mwokaji anafumbua kinywa, mji mzima unalia! Ndiyo, nimekwangua. Ningezikwangua zote!"

Ngozi zilizobaki zilikutwa chini ya kitanda chake, hazijaguswa.

"Ngozi moja tu imeharibika," Hawise akasema, akiweka mezani ngozi mpya, safi kuliko zote alizowahi kutengeneza. "Aliyekwangua ndiye aandike. Kisha mfukuzeni."

Wymond akasimama, kifua mbele, akaanza kutamka maneno ya mama wa Bethlehemu anayemtafuta mwanawe kati ya watoto waliouawa na Herode. Kalamu ikamfuata. Katikati ikasita, karani alikuwa akijipangusa macho kwa mkono wenye chokaa.

"Andika," Hawise akamwambia. "Usilowanishe ngozi yangu."